Mgeni wa Nani?

Kijitabu cha mazishi kilikuwa na kurasa nane. Jalada lilibeba picha yake akiwa amevaa tai, na ndani mlikuwa na ratiba, nyimbo, kisha wasifu. Tulisomewa alikozaliwa, shule aliyosoma, mwaka alioajiriwa reli kama karani, ndoa yake, watoto 5, wajukuu 11, halafu maradhi na siku ya kuaga. Kabla tu ya maradhi palikuwa na sentensi moja: "Marehemu alipenda kucheza tenisi." Msomaji aliipita mbio, akageuza ukurasa.

Nikatazama nyuma. Nje ya kivuli cha hema, juani, walikuwa wamesimama vijana wapatao ishirini. Wawili walikuwa na jaketi za bodaboda. Mmoja, binti wa miaka kama 17, alikuwa amevaa viatu vyeupe ambavyo nyuzi zake zilishakuwa nyekundu kwa udongo wa uwanjani. Hakuna aliyewaita waseme lolote. Klabu yetu ya tenisi ilipewa dakika tatu. Mzungumzaji wetu alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, akatoa rambirambi ya wanachama, akaketi.

Siwalaumu waliouandika wasifu ule. Wasifu huandikwa usiku, na watu waliochoka kwa kulia na kupokea wageni, nao hufuata mtindo waliourithi. Ila mtindo wenyewe unatueleza tunachokihesabu katika maisha ya mtu: ajira, ndoa, uzao, ugonjwa. Jambo alilolifanya karibu kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini, bila senti, halina fungu lake. Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya hiyo sentensi moja, kwa sababu naamini imebeba mambo ambayo michezo ya mji huu imeyategemea bila kukiri.

Sisi tulimwita Mwalimu. Hakuwahi kushika chaki darasani. Watoto ndio waliompa jina hilo, wanachama wakalichukua kwao, hadi mawakili na madaktari wa klabu wakawa wanamwita hivyo naye anaitika. Aliingia uwanjani mara ya kwanza akiwa mtoto wa kuokota mipira, miaka michache kabla ya uhuru. Nakuru ya siku hizo ilikuwa mji wa walowezi. Wazungu walikuwa na klabu zao, Waasia zao, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni au kwa kazi ya kuokota. Alitueleza kwamba alijifunza mchezo kwa kutazama mabega ya wachezaji, maana macho ya mtu anayepiga mpira hudanganya lakini bega halidanganyi. Milango ilifunguka polepole baada ya 1963, na alipopata kazi reli akaanza kulipa ada na kucheza kama mtu mwingine yeyote. Hakuwahi kuwa bingwa wa Kenya. Alishinda vikombe vichache vya klabu, vile vidogo vya bati, na vingi vilikuwa vya wawili wawili.

Kiswahili chetu kimempa mchezaji wa namna hii jina zuri kuliko tunavyotambua. Magazeti huandika "mchezaji wa ridhaa", na tukilisoma tunaelewa asiyelipwa, yaani aliye chini ya yule wa kulipwa. Lakini ridhaa ni kukubali kwa moyo, ni radhi ya mtu mwenyewe. Kabla ya mwaka 1968, mashindano makubwa ya tenisi duniani, Wimbledon nayo ikiwemo, yalikuwa ya ridhaa peke yake, na aliyekwenda kucheza kwa malipo alifungiwa nje. Tangu mwaka ule milango ilipofunguliwa kwa wote, fedha zimekuwa ndicho kipimo, na neno ridhaa likabaki kama cheo cha chini. Mwalimu aliishi maana ya kwanza. Neno jingine, kujitolea, lina uzito kama huo: mtu anajitoa yeye mwenyewe, si mali yake. Tunalitumia kwenye hotuba kama pambo. Kwake lilikuwa kazi ya mikono.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii.

Viwanja vyetu ni vya udongo. Nakuru, ambayo jina lake husemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, si mji unaopenda uwanja wa udongo. Kiangazi kikishika, upepo unaoshuka kutoka kreta ya Menengai hukwangua uwanja na kuupeleka kwa jirani. Mvua ikija, hufanya mifereji. Uwanja wa namna hii hufa ukiachwa wiki mbili. Mwalimu alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakausha umande. Alifagia kwa mkokoto wa gunia, akamwagia maji pale mgao ulipokuwa umeruhusu, akangoja udongo unyonye, kisha akaita kijana wa kumsaidia kuvuta rola. Udongo wa juu alikuwa akiuleta mwenyewe, na haukuwa udongo wowote tu. Ulikuwa wa kichuguu. Mchwa huchambua chembe za udongo na kuzigandisha kwa mate yao, na kichuguu kikisagwa, kikachekechwa, kikalowanishwa na kushindiliwa, hukauka kigumu kama sakafu na bado huteleza vizuri chini ya kiatu. Viwanja vingi vya zamani barani Afrika na hata Australia vilijengwa hivyo. Mwalimu alikuwa na vichuguu vyake upande wa Rongai, na mwenye shamba alimjua.

Halafu mistari. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili, na kwenye udongo mistari ya chokaa hufutika, kwa hiyo lazima ipigwe upya mara kwa mara. Mtu asiyejua hufuata alama ya jana, na kosa la jana likiongezwa la leo, baada ya miezi michache uwanja umepinda kama mkeka uliovutwa pembe moja. Mwalimu hakufuata alama. Alipima. Alifunga kamba kwenye kigingi cha kona ya nyuma, akaivuta kwa mshazari hadi pale wavu unapokutana na mstari wa pembeni wa upande wa pili, na kamba ile ilipaswa kusoma mita 16.17. Ikizidi au ikipungua, kona si mraba, anaanza tena. Hesabu hiyo iko kwenye vitabu vya kidato cha pili. Sijui mwanachama mwingine yeyote wa klabu yetu, na tuna wahandisi, aliyewahi kuitumia magotini akiwa na mkebe wa chokaa.

Wavu aliupima kwa raketi. Alikuwa ametunza raketi mbili za mbao za zamani, zile zilizofungiwa kwenye fremu ya skrubu zisipinde, na hakuna aliyeruhusiwa kuzichezea. Raketi moja aliisimamisha katikati ya wavu, ya pili akailaza kichwa juu yake kwa upana, na jumla yake ni sentimita 91.4, kimo halali cha wavu katikati. Raketi za sasa zina vichwa vipana, kipimo kinakosea. Nilidhani alizitunza kwa kumbukumbu za ujana. Kumbe zilikuwa rula.

Niruhusiwe kukaa kidogo kwenye suala la mipira, maana hapo ndipo nilipomwelewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya ziwa, iko karibu mita 1,130. Kanuni za kimataifa za tenisi zimeweka mpaka kwenye mita 1,219: juu ya kimo hicho kuna mipira yake maalumu, kwa sababu hewa nyepesi haiuzuii mpira vya kutosha na mpira wa kawaida uliojazwa hewa hudunda kupita kiasi. Maana yake ni kwamba Kisumu iko chini ya mpaka, Nakuru iko juu, na barabara inayopitia Kericho inaunganisha michezo miwili isiyofanana. Wageni wa Kisumu walipokuja kwetu, kwa saa nzima ya kwanza mipira yao iligonga uzio wa nyuma. Sisi tulipoteremka kwao, mipira yetu ilikufa kwenye wavu, na joto la ziwa likatumalizia miguu. Watu walilaumu raketi, walilaumu usingizi, walilaumu samaki wa jana. Mwalimu alikuwa na daftari. Alijua mikebe ipi iliagizwa kwa ajili ya nyanda za juu, ipi ni ya kawaida, ipi imefunguliwa lini, na mipira iliyolegea kwa siku kadhaa aliiweka kando kwa mechi za hapa nyumbani, wakati mipya ya kawaida aliificha hadi safari ya Kisumu. Alikuwa akifanya kazi ya mtaalamu wa timu. Sisi tukaona mzee mwenye mazoea ya kupanga mikebe.

Katika ngazi yetu mechi hazina refa. Kanuni ni kwamba kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake, na akiwa na shaka, mpira uko ndani. Sijui mchezo mwingine unaomkabidhi mtu hukumu dhidi ya nafsi yake mwenyewe kiasi hicho, kila baada ya sekunde kadhaa, kwa saa mbili. Kwenye udongo mpira huacha alama, na ugomvi hutatuliwa kwa kwenda kutazama. Mwalimu alipoitwa kuamua, hakuamua. Aliwachukua wote wawili, akawasimamisha juu ya alama, akanyamaza. Alingoja hadi mmoja wao aseme. Nimewahi kumwona mtu mwenye cheo kikubwa katika mji huu akiinama juu ya alama ile, akiitazama kwa muda mrefu, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa ndani, Mwalimu," naye Mwalimu akamjibu, "Usiniambie mimi, mwambie kijana." Kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi viatu.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka. Walioishi hapa wanajua, na wasioishi wameshasoma vya kutosha. Maelfu ya watu walilala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, majirani wakapotezana. Klabu ilifungwa, na ilipofunguliwa wanachama walirudi wakiwa wamepungua, wakikaa makundi makundi kwenye baraza, kila kundi na lugha yake. Desturi yetu ilikuwa kila mtu achague mwenzake wa kucheza naye wawili wawili. Mwalimu, akiwa nahodha wa tenisi, alibandika tangazo kwamba kuanzia Jumamosi ile wenza watapatikana kwa kura. Majina yakawekwa ndani ya kofia yake. Wapo waliokasirika wakaondoka. Waliobaki walilazimika kumwambia mtu waliyekuwa wakimwogopa maneno mawili ambayo mchezo huo hauchezeki bila hayo: yangu, yako. Sitadai kwamba tenisi iliponya Nakuru. Nadai kitu kidogo ambacho nilikiona kwa macho yangu: kufikia Pasaka baraza lilikuwa na meza moja tena. Hakuna taarifa ya kamati inayotaja kofia ile. Nimezitafuta.

Na watoto je? Hapa ndipo ninapotaka kubishana na klabu yangu, na pia na klabu nyingine za magharibi na za Bonde la Ufa zinazofanana nayo.

Viwanja vya tenisi katika miji yetu viko karibu vyote nyuma ya malango: klabu za wanachama, hoteli, shule chache, taasisi. Kuna ukuta, kuna askari, kuna daftari la wageni. Mtoto wa mitaa ya Bondeni au Kaptembwo anaweza kucheza kandanda popote palipo na kipande cha ardhi, lakini tenisi inamtaka apite kwenye lango, na hapiti isipokuwa mtu aliye ndani amekubali kuandika jina lake. Kwa miaka mingi, mtu huyo alikuwa mmoja. Mwalimu aligundua kwamba kati ya saa nane na saa kumi alasiri viwanja huwa vitupu, kwa sababu wanachama wako kazini au wanakimbia jua, akaomba kamati saa hizo mbili. Ilimchukua vikao vingi. Hofu ya wanachama ilikuwa kwamba watoto wataharibu viwanja, na jibu lake lilikuwa kwamba viwanja anavitengeneza yeye. Hawakuwa na la kusema.

Raketi zilikuwa za wanachama walionunua mpya. Alizifunga nyuzi upya barazani kwake, raketi moja ikila nyuzi za karibu mita 12, akimdai mwenye uwezo bei ya nyuzi tu na asiye nao akimdai afagie. Mipira iliyochakaa ilikwenda shule za msingi za jirani, ile iliyokufa kabisa ikapasuliwa na kuvishwa miguu ya viti ili visikwaruze sakafu. Kila ninapoingia darasa lenye viti vya namna hiyo, najua mpira ule uliwahi kupita mikononi mwake.

Tunapenda kusimulia mafanikio kuanzia siku yalipoonekana. Angella Okutoyi aliposhinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, akiwa na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Lakini kabla ya nyasi za London kulikuwa na nyanya aliyemlea, mfanyakazi katika shule ya msingi jijini Nairobi, na kulikuwa na uwanja ndani ya shule ile na watu wazima waliokubali mtoto wa mfanyakazi ashike raketi. Mwaka 1971 Arthur Ashe, nyota wa tenisi wa Marekani, alimwona mtoto Yannick Noah akicheza Yaoundé, Kameruni, akapeleka habari zake Ufaransa, na mwaka 1983 mtoto yule akawa bingwa wa Ufaransa. Hadithi husimuliwa kuanzia Ashe alipofika. Mimi ningependa kujua ni nani aliyeufagia uwanja ule asubuhi hiyo. Tangu Mkenya mwenzetu Paul Wekesa alipofikia nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, tumekuwa tukiuliza kwa nini hatupati wengine kama yeye, na majibu yetu huwa fedha, makocha, safari. Yote ni kweli. Ila chini ya hayo kuna swali jingine: katika kila mji, ni watoto wangapi wana saa mbili za uwanja na mtu mmoja mzima anayewangoja? Nakuru ilikuwa na mtu huyo. Sidhani kila mji una wake.

Sasa niseme lililo gumu, na nalisema nikiwa nimempenda. Mwalimu alikosea. Alibeba kila kitu peke yake. Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake, daftari la mipira lilikuwa mkobani mwake, vichuguu vya Rongai vilikuwa kichwani mwake. Tulipojitolea kumsaidia, na sikatai kwamba tulijitolea kwa ulegevu, alitupa kazi ndogo kisha akairudia mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuona kosa la nusu sentimita, na mtu wa namna hiyo humwona msaidizi kama mzigo. Alipolazwa, uwanja wa kwanza ulipasuka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nyasi ziliota kwenye mstari wa nyuma. Mtu akaleta udongo wa kawaida kwa lori, mvua moja ikaugeuza tope. Nilikwenda kumtembelea hospitalini, akaniuliza viwanja vikoje, nikamwambia viko salama. Nilimdanganya mgonjwa, na alinitazama bega.

Lakini kosa letu lilikuwa kubwa zaidi, na ni la aina ambayo sifa za mazishi huificha. Tufanye hesabu ya chini kabisa. Saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka: saa 500. Kwa miaka 30 ni saa 15,000. Mfanyakazi wa saa 8 kwa siku angehitaji miaka saba na nusu ya ajira kamili kuzimaliza. Klabu ilipokea miaka saba na nusu ya kazi ya mtaalamu bila kuilipia, na kwa kuwa ilikuwa bure, hatukuiona kwenye bajeti, na kwa kuwa haikuwa kwenye bajeti, tuliamini viwanja hujitunza. Tukakataa mara tatu, nakumbuka vikao vyote vitatu, pendekezo la kuajiri mtunza viwanja wa kudumu. Marka wetu, vijana wanaocheza na wanachama kwa malipo ya siku, hawana mkataba wala bima hadi leo. Hoja iliyotumika ni ileile: Mwalimu yupo. Moyo wake wa kujitolea ukawa pazia la mishahara tusiyotaka kulipa. Yeye hakukusudia hivyo. Sisi tuliliona pazia, tukaridhika nalo.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakisema tunahitaji kumpata Mwalimu mwingine, nasikia watu wanaotafuta mtu mwingine wa kumchosha. Kazi ya kupima, kuagiza udongo, kuvuta rola na kutunza mipira iandikwe na iwe na mshahara na michango ya pensheni na bima ya afya kama sheria inavyotaka. Kile kisichoweza kulipiwa, yaani kukaa na watoto saa nane juani, kigawanywe kwa wanachama: saa mbili kwa mwezi kila mmoja, zibandikwe ubaoni karibu na orodha ya ngazi za wachezaji, kila mtu aone nani ametoa na nani hajatoa. Asiyeweza alipe zaidi. Tuna wanachama wa kutosha kuzijaza alasiri zote. Na serikali ya kaunti nayo, ambayo Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeipa vifaa vya michezo kama jukumu lake, itengeneze angalau viwanja viwili visivyo na lango. Mji huu ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Jiji lisilo na uwanja wa tenisi ambao mtoto anaweza kuuingia bila kuulizwa jina bado halijajitendea haki.

Lipo pendekezo mezani la kugeuza viwanja viwili vya nyuma kuwa maegesho ya magari na bustani ya nyama choma. Nitalipinga kwenye mkutano mkuu kwa nguvu zangu zote, na nimeshawaambia wanaolisukuma. Najua hesabu zao. Maegesho huleta pesa kila wikendi. Lakini hesabu hiyo ndiyo iliyotufanya tusizione saa 15,000, na siiamini tena.

Jumamosi iliyofuata mazishi tulikwenda watatu tukiwa na kamba, chokaa na mkanda wa kupimia, tumeazimia kupiga mistari ya uwanja wa kwanza. Langoni tulimkuta yule binti wa viatu vya nyuzi nyekundu. Askari alikuwa amemzuia, na si kwa ubaya. Daftari la wageni lina safu inayouliza: mgeni wa nani? Miaka minne mfululizo safu ile, kwa mwandiko wake binti, ilikuwa na jina la Mwalimu na namba yake ya uanachama. Nililichukua daftari nikafunua kurasa za nyuma. Mgeni wa Mwalimu, mgeni wa Mwalimu, mgeni wa Mwalimu, watoto watano, sita, wanane kwa siku, hadi wiki aliyolazwa. Baada ya hapo hakuna mtoto hata mmoja.

Niliandika jina langu.

Uwanjani tulifunga kamba kwenye kigingi, tukaivuta upande wa pili, tukaanza kubishana. Mwenzangu mmoja alisema mita 16 kamili, mwingine akasema tufuate alama ya zamani. Binti alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni, kama mtu anayengoja wakubwa wamalize. Kisha akaja akanipokonya ncha ya kamba kwa adabu, akapiga goti penye nguzo ya wavu, akauweka mkanda kama mtu aliyeushika mara mia.

"Kumi na sita nukta kumi na saba," alisema. "Vuta tena kidogo, mzee. Bado haijafika."